Kwenu ni Wapi? Voi na Vijana Wanaoifahamu Wakiwa Mbali

Kila mwaka vyuo vikuu vinapopokea wanafunzi wapya, kati ya Agosti na Septemba, vijana wa Voi huondoka na masanduku yao. Wengine hupanda treni ya SGR, wengine mabasi ya usiku yatokayo Mombasa, wakielekea Nairobi, Juja, Njoro, Eldoret au Maseno, popote walipopangiwa na KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za masomo. Wengi wao hawaondoki kwa huzuni. Kwa kijana wa miaka kumi na minane, Voi ni joto, vumbi jekundu, malori yaliyojipanga kando ya barabara kuu, na mabasi yanayosimama kwa dakika chache abiria wanyooshe miguu kabla ya kuendelea na safari. Ni mji wa kupita, na yeye naye anaona zamu yake ya kupita imefika. Baada ya mihula miwili mitatu kauli hubadilika. Yule yule aliyekuwa akisema Voi hakuna kitu huanza kuwatetea watu wa kwao mbele ya wenzake wa hosteli, huulizia kimanga, chakula cha kwao, mahali ambapo hakuna anayejua kukipika, na likizo ikikaribia huhesabu siku. Jambo hili limezoeleka, na maelezo yake pia yamezoeleka: husemwa kwamba ni umbali, kwamba mtu hajui thamani ya alichonacho mpaka akikose. Naona maelezo hayo hayatoshi. Umbali peke yake huzaa hamu, na hamu hupoa mtu akishazoea mji mpya. Linalomfanya kijana aanze kuithamini Voi ni kwamba huko aendako anaulizwa, labda kwa mara ya kwanza maishani, kwao ni wapi na kukoje, naye anagundua kwamba hana jibu.

Kukosa jibu si kosa lake. Voi ilikuzwa na safari za watu wengine. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilipita hapa kabla karne ya 19 haijaisha, na ndiyo iliyougeuza mji huu kuwa kituo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walitandika tawi la reli kutoka Voi kuelekea Taveta ili kuwapeleka askari kupambana na Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya mpaka. Makaburi ya baadhi ya askari hao yapo Voi hadi leo. Baadaye ikaja barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, na mwaka 2017 ikaja reli ya kisasa na kituo chake kikubwa nje ya mji. Kila kilichojengwa kilimlenga mtu anayekwenda kwingine. Hata mbuga yenyewe ni hivyo. Hifadhi ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, ikagawanywa baadaye kuwa ya Mashariki na ya Magharibi, na leo hifadhi hizo mbili zinachukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta. Makao makuu ya Tsavo Mashariki yako hapo hapo Voi. Lakini mbugani hakuingiwi kwa miguu. Panahitajika gari na ada ya kiingilio, na kwa familia inayohangaikia karo, safari ya kutazama wanyama ni anasa. Kwa hiyo mtoto wa Voi hukua akimjua ndovu kama mnyama anayevunja ua usiku na kumaliza mahindi ya mwaka mzima, ilhali mgeni kutoka Ujerumani humjua ndovu yuyo huyo kwa maelezo ya kiongozi wa watalii: familia yake, anakokwenda kutafuta maji, na historia ya uwindaji haramu uliokaribia kummaliza katika miaka ya 1970 na 1980. Wote wawili wanamjua kweli. Ila maarifa ya mgeni ndiyo yaliyopigwa chapa vitabuni.

Shule nayo haikuziba pengo hilo. Mwanafunzi aliyefanya mtihani wa jiografia wa kidato cha nne katika mfumo wa 8-4-4 alitakiwa aeleze jinsi Waholanzi walivyokausha bahari ya Zuiderzee wakapata mashamba, na jinsi ngano inavyolimwa katika nyanda za Kanada. Ni maarifa mazuri, na simlaumu mtu aliyeyapata. Lakini angeweza kuyajua yote hayo asijue kwamba vilima vya Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya msururu wa milima ya kale unaoteremka hadi kusini mwa Tanzania, ukipitia Pare, Usambara, Uluguru na Udzungwa, na kwamba misitu ya milima hiyo imejitenga kwa muda mrefu mno hivi kwamba ina viumbe wasioonekana kwingine. Vipande vya msitu vya Mbololo, Ngangao na Chawia ni vidogo, lakini ndani yake yumo ndege ambaye wataalamu humwita Turdus helleri, na hana makao mengine duniani isipokuwa vilima hivi. Mbololo lipo pia ua dogo la zambarau ambalo jamaa zake hupandwa vyunguni na kuwekwa madirishani kote Ulaya. Na Sagalla, kilima ambacho kila mtoto wa Voi hukiona anapofungua mlango asubuhi, kina kiumbe asiye na miguu, jamaa wa mbali wa vyura, anayeishi udongoni na anayefanana na nyungunyungu mkubwa. Wanasayansi walimtambua rasmi kama spishi ya peke yake mwaka 2005. Hajapatikana popote nje ya Sagalla. Mkulima anayelima mteremko ule pengine amemfukua kwa jembe mara nyingi na kumrudishia udongo bila kujua kwamba anashika kitu kisicho na mfano duniani.

Sasa mfikirie kijana huyu amefika chuoni. Mwenzake wa chumbani anatoka Kakamega au Garissa, anauliza kwa hamu ya kweli: huko Tsavo ndiko kwa wale simba? Anajibu ndiyo, halafu hana la kuongeza. Hajui kwamba simba wale wawili waliowaua wajenzi wa reli mwaka 1898, kwenye daraja la mto Tsavo, hawamo Kenya. Patterson, mhandisi wa daraja hilo aliyewapiga risasi, aliziuza ngozi zao mwaka 1924 kwa makumbusho ya Field ya Chicago, na huko ndiko watu wanakokwenda kuwatazama. Rafiki mwingine anasomea jiolojia, anamtajia tsavoraiti, kito cha kijani kilichopewa jina la Tsavo mwaka 1974 na duka la vito la Tiffany la New York, baada ya mwanajiolojia Campbell Bridges kukivumbua. Kijana alikuwa akiwaona wachimbaji wadogo wakishuka mjini na vijiwe vyao wamevifunga kwenye karatasi, lakini hakuna aliyemweleza safari ya vijiwe hivyo baada ya Voi. Akiingia maktaba kutafuta chochote kuhusu vilima vya Taita, anakuta tafiti nyingi zimeandikwa na watu wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, ambacho kina kituo chake cha utafiti Wundanyi na kwa miaka mingi kimepima misitu, maji na mvua za eneo hilo. Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Anayeuthamini mji wake kwa sababu ya kukosa chakula cha mama atapoa akijifunza kupika. Aliyegundua kwamba dunia inaujua mji wake kuliko yeye hapoi, kwa kuwa limemwingia swali, na hilo halimtoki kwa kuzoea hosteli.

Historia ya Wataita wenyewe inaunga mkono hoja hii. Mwanahistoria Bill Bravman, katika kitabu chake Making Ethnic Ways kilichotoka mwaka 1998, anaonyesha kwamba kabla ya ukoloni watu wa vilima hivi walijitambulisha zaidi kwa ukoo na ujirani wa mlima mmoja mmoja, na kwamba hisia ya kuwa Wataita wamoja ilikua polepole walipokutana na dola ya kikoloni, misheni na kazi za mbali. Kwa maneno mengine, hata jina hilo wanaloliona la asili liliimarishwa na kukutana na wasio Wataita. Chama cha Taita Hills Association, kilichopigania ardhi mwishoni mwa miaka ya 1930, kilishirikiana na Kikuyu Central Association, na vyote viwili vilipigwa marufuku mwaka 1940 pamoja na chama cha Wakamba. Watu wake hawakujifungia vilimani. Walielewa kilichowapata kwa kukilinganisha na kilichowapata wengine. Katika muziki ni vivyo hivyo. Wimbo wa Kidawida, lugha ya Wataita, uliopendwa kote Kenya, Charonyi ni Wasi wa mwaka 1977, ulitungwa na Habel Kifoto, mwana wa Taita aliyekuwa mwanajeshi na kiongozi wa bendi ya Maroon Commandos, na unazungumzia shida za kuishi mbali na kwao. Wakenya wasiojua neno hata moja la lugha hiyo waliuimba na kuucheza. Askari aliyekuwa mbali na nyumbani ndiye aliyeifikisha lugha ya vilima vyake masikioni mwa taifa zima.

Najua nitaambiwa: ni rahisi kusifu kiangazi ukiwa umekaa kivulini. Mwanafunzi aliye Nairobi hachoti maji, halindi shamba usiku na hatafuti kazi Voi. Pingamizi hili lina uzito na sitalipuuza. Shida za Taita Taveta si hadithi. Ndovu wanaua watu na kuharibu chakula. Ardhi ya kulima ni finyu, maana ukiondoa mbuga, yanabaki maranchi makubwa na mashamba ya mkonge, na wananchi wamebanana vilimani na kando ya barabara. Maji ndiyo yanayouma zaidi. Chemchemi ya Mzima imo ndani ya Tsavo Magharibi, na tangu miaka ya 1950 bomba limekuwa likipeleka maji yake Mombasa, huku mitaa ya Voi ikikaa na mifereji mikavu kwa siku kadhaa. Hayo yote ni kweli. Lakini tuangalie vizuri yanatuonyesha nini. Mtu anayeichukulia kwao kama mahali pasipo na kitu atasema ukame ni majaliwa, afunge mzigo aende. Aliyejifunza kwamba mmoja wa miji mikubwa ya Afrika Mashariki unakunywa maji yanayobubujika jirani na kwao atauliza mkataba unasemaje, kaunti inapata nini, na kwa nini mtaa wa Mwakingali au Birikani haupati kwanza. Kuthamini ninakokusema hapa hakufuniki shida. Ndiko kunakompa mtu haki na hoja ya kulalamika. Nadhani watu wengi wanakosea hapa, wakifikiri mwenye kuipenda kwao sharti aifiche aibu yake.

Tena upo ushahidi kwamba watu huweza kuithamini kwao bila raha yoyote ya kuwashawishi. Mwaka 1915, baada ya Wajerumani kuvamia Kasigau, Waingereza waliwatuhumu wenyeji wa mlima huo kwamba waliwasaidia maadui, wakachoma vijiji vyao na kuwahamishia Malindi. Wengi walifia huko, katika hali ya hewa na maradhi ya pwani wasiyoyazoea. Walioendelea kuishi walikaa uhamishoni karibu miongo miwili, na katika miaka ya 1930 walirudi Kasigau. Malindi kulikuwa na bahari, samaki na biashara. Kasigau ni mlima mmoja uliosimama katikati ya nyika kavu. Walirudi kwa sababu mlimani ndiko yalikokuwa makaburi yao, chemchemi zao, na maeneo matakatifu ya misitu ambayo Wataita huyaita fighi, ambamo haikuruhusiwa kukata mti ovyo. Nyika hiyo hiyo iliyodhaniwa haina faida ndiyo iliyokuja kuwa sehemu ya mradi wa Kasigau, ambao mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza duniani kupewa hati za biashara ya hewa ya kaboni kwa kulinda msitu chini ya kanuni za kimataifa za Verified Carbon Standard. Sisemi biashara hiyo haina maswali. Jinsi faida inavyogawanywa ni jambo la kuchunguzwa kila mwaka. Ninachosema ni kwamba walioiona Kasigau kuwa kitu waliiona kabla soko halijaipa bei.

Pingamizi la pili linatoka kwa waliobaki, nami naliheshimu kuliko yote. Wanasema: je, mkulima wa Werugha vilimani anayejua ni mfereji upi unaleta maji msimu upi, au mama anayenunua ndizi Taveta na kuzileta Voi kila wiki, haithamini kwao kwa sababu hajakwenda chuo? Anaithamini, na anaijua kwa kina ambacho mwenye shahada hatakifikia. Kuondoka si sharti la kuona. Lakini mkulima huyo naye hakuijua ardhi yake kwa kukaa tu juu yake. Alifundishwa na baba na babu waliomwuliza na kumrekebisha shambani. Aliulizwa. Kijana aliyesoma bweni tangu akiwa mdogo, akaja nyumbani likizo kupumzika na kurudia masomo, ndiye aliyekosa mafunzo hayo, na chuo kinampa nafasi ya pili kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo lawama haimwendei aliyebaki wala aliyeondoka. Inatuendea sisi tuliopanga elimu iliyomtoa mtoto shambani bila kumwuliza lolote kuhusu shamba. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati ya kujitegemea mwaka 2016, kinafundisha uhandisi wa madini palepale kwenye miamba yenye vito, na wanafunzi kutoka kaunti nyingine huja kuisoma. Itakuwa jambo la kusikitisha iwapo kijana wa Voi, wa Ikanga au Msinga, atakiona chuo hicho kuwa cha waliokosa nafasi Nairobi.

Wako wanaoogopa jambo jingine, na katika nchi yetu hofu hiyo ina sababu. Wanahofu kwamba kuwahimiza vijana wajivunie kwao ni kuchochea ukabila; kwamba vyama vya wanafunzi wa eneo hili au lile huanza kwa chai na kuishia kuwa kambi za kisiasa. Ukabila wa vyuoni upo. Lakini Voi ni mfano mbaya kwa anayetaka kuutetea. Mji huu ulijazwa na reli, mkonge na barabara: Wataita walioteremka vilimani, yaani Wasaghala na Wadawida, Wakamba, Waswahili wa pwani, Wasomali wafanyabiashara, na familia za wafanyakazi wa reli kutoka magharibi ya Kenya ambazo wajukuu wao hawajui kwingine. Msikiti na kanisa vinasikilizana. Anayejifunza historia ya Voi kwa uaminifu hawezi kuusimulia kama mji wa damu moja, na mtoto wa Mluo aliyezaliwa mtaa wa Sofia ana haki ya kusema Voi ni kwao sawa na mtoto wa Mdawida. Ujinga wa mahali ndio unaoacha nafasi ijazwe na hadithi za kabila. Anayejua mji wake ulivyojengwa ana ulinzi dhidi ya mwanasiasa anayemwambia ulijengwa na watu wake peke yao.

Linabaki swali la kurudi. Wazee husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na wazazi wengi huitumia methali hiyo kumkumbusha kijana kwamba anasubiriwa. Sidhani tunapaswa kumbana nayo. Ajira Voi ni chache, ardhi haiongezeki, na daktari wa moyo au mtaalamu wa programu za kompyuta huenda asipate pa kufanyia kazi nyumbani hata akitaka. Wako watakaoishi Nairobi, Doha au Helsinki yenyewe hadi kustaafu. Kuwaambia kwamba mapenzi yao kwa kwao ni ya uongo mpaka warudi kujenga ni kuwafukuza. Kuna njia nyingine ya kulipa, na ni nafuu kuliko nyumba ya mawe. Karibu kila mwanafunzi wa shahada Kenya huandika mradi au tasnifu ya mwisho. Anayesomea sheria anaweza kuandika juu ya hati za ardhi za wanaoishi pembezoni mwa mbuga. Anayesomea uuguzi anaweza kuchunguza waliojeruhiwa na wanyama na jinsi wanavyosubiri fidia. Anayesomea muziki, lugha, uhandisi wa maji au uhasibu hana upungufu wa maswali kati ya Mackinnon Road na ziwa Jipe. Kazi hizo zikiandikwa na wenyeji, mtafiti ajaye kutoka mbali atalazimika kuwasoma wao kwanza.

Kaunti ya Taita Taveta hutoa basari kwa wanafunzi wa vyuo, na wawakilishi wa wadi ndio wanaowatazama wazazi usoni. Nawaomba wawakilishi hao waweke sharti moja dogo lisilogharimu chochote: kila anayepewa basari na akaandika mradi wake wa mwisho kuhusu kaunti hii, alete nakala moja iwekwe maktabani Voi, na nyingine Wundanyi na Taveta, mahali ambapo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuingia na kuisoma. Na wewe unayefunga sanduku sasa hivi, kabla hujapanda treni, panda Sagalla pamoja na mtu anayeujua mlima huo, umwulize kila unachokiona, na uandike majibu yake.